Kwantaizi unaporekodi, kwantaizi baadaye, au nota moja moja: ipi itakufaa kwenye kinanda chako

Wadau wa vinanda, salama? Kuna swali naulizwa sana na vijana wa hapa Mtwara mjini, hasa wanaopigia kwaya na wale wa sherehe za mtaani. Mtu kajirekodi kwenye sikwensa ya kinanda (sehemu ya kurekodia iliyomo ndani yake), melodi iko sawa, kodi ziko sawa (kodi za muziki, sio zile za kulipa), ila akibonyeza plei anasikia kuna kitu kinayumba, mkono wa kushoto unawahi wa kulia unachelewa, besi na kiki (ile ngoma kubwa ya mguu) kama wamegombana. Sasa arekebisheje? Huyu anamwambia bonyeza kwantaizi (ile ya kunyoosha taimingi) kazi imeisha, yule anamwambia futa urekodi upya acha uvivu, mwingine anamwambia hamishia kwenye laptopu bana. Njia zote hizo nimezipita na kila moja imeshaniaibisha siku yake, kwa hiyo leo naziweka pamoja uone mwenyewe ipi inaendana na kazi yako.

Vifaa vyangu ili ujue naongea nikiwa wapi: kinanda cha Yamaha PSR cha mtumba chenye styles (midundo ya kiwandani inayokusindikiza), laptopu ya zamani yenye programu ya muziki ya FL Studio, chumba kimoja Chikongola. Vinanda vingine nimeazima azima tu. Sio studio ya kutisha.

Tuelewane kwanza kitu kimoja maana bila hiki mengine yote hayaeleweki. Sikwensa hairekodi sauti. Inarekodi amri: nota namba fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani kuanzia 1 hadi 127, imeachiwa muda fulani, pedali imekanyagwa, pedali imeachiwa. Basi. Ndio MIDI hiyo, ipo tangu 1983 na mpaka leo lugha ni ile ile, ndo maana faili la kinanda cha zamani linafunguka kwenye laptopu ya juzi. Na muda wake hauhesabiwi kwa sekunde, unahesabiwa kwa tiki, yani biti moja (pigo moja la kuhesabia) inakatwa vipande vidogo vidogo. Sikwensa nyingi zinakata vipande 480 kwa biti, za kizamani nyingi 96. Ukiwa tempo 120 biti moja ni nusu sekunde, kwa hiyo tiki moja kwenye 480 ni kama milisekunde 1 hivi, kwenye 96 ni kama 5. Kurekebisha taimingi maana yake ni kubadilisha namba tu, nota ilikuwa tiki ya 137 unaisogeza iwe 120, sauti haikwaruziki wala haivutiki kama ukifanya kwenye rekodi ya maiki. Hiyo ndo raha yake na ndo hatari yake, maana kitu rahisi kubadilisha ni rahisi kukiharibu pia.

Kwantaizi sasa (kwenye skrini utaona Quantize) kazi yake ni kuivuta kila nota iende kwenye mstari wa gridi (mistari inayogawa muda sawa kwa sawa) ulio karibu nayo. Mstari ulio karibu, shika hilo neno tutalirudia.

Tuanze na ile wengi wanaipenda, kwantaizi inayofanya kazi hapo hapo unaporekodi. Korg za aina ya Triton na Krome wanayo kwenye mipangilio ya kurekodi, programu za laptopu nazo wanayo. Unachagua gridi, unapiga, ukisikiliza tayari imenyooka, unajiona fundi. Kwa kiki na sneya za moja kwa moja, au besi ya nota mbili tatu inayozunguka mpaka mwisho, sina ugomvi nayo, inaokoa muda kweli kweli hasa kama mteja kakaa hapo kwenye kochi anataka biti yake saa hii hii. Ubaya wake ni mmoja ila mkubwa: ulivyopiga kwa mkono wako hakukuhifadhiwa popote. Kilichoandikwa ni kilichonyooshwa, huwezi kusema rudisha kama mwanzo maana mwanzo haupo.

Mi iliniponza kwenye harusi moja. Walitaka utangulizi wa kuingilia maharusi wenye mdundo wa sindimba, nikakaa na kinanda cha kuazima nikapiga ngoma kwa vidole vizuri tu, sijaangalia kwamba gridi imewekwa 1/16 na iko on. Sindimba nilivyokuwa naipiga mimi biti moja inabeba tatu, na 1/16 inabeba nne, kwa hiyo kila nota ya pili na ya tatu ikavutwa pembeni ikaenda kukaa siko. Nikasikiliza kwa spika ndogo nikaona poa tu, kumbe sikio lilishachoka. Siku ya harusi kule Lindi mziki unalia watu wanaingia, mzee mmoja wa upande wa bibi harusi, mpiga ngoma wa enzi zake, akanisogelea akaniuliza taratibu "mwanangu, hawa wanacheza au wanapanga foleni?" Sikuwa na jibu. Nikapunguza voliumu.

Tangu hapo msimamo wangu ni kurekodi mbichi. Kwantaizi iwe off, metronomu iwe on, ulivyopiga ndivyo kiandike, halafu urekebishe baadaye kwenye nakala. Hiyo ndo njia ya pili na nitakaa hapa zaidi maana asilimia kubwa ya watu ndo inawafaa, ila wengi wanaitumia kwa kubonyeza tu OK bila kuangalia imewekwaje.

Vitu viwili vinaamua. Cha kwanza ni saizi ya gridi. Sheria ni kuchagua nota fupi kuliko zote uliyoipiga kwenye hiyo trak (safu ya ala moja). Kama umepiga nusu biti tu hakuna haja ya 1/16, weka 1/8, mistari inakuwa michache na nota haikosei nyumba. Ukiweka gridi ndogo kuliko ulichopiga, makosa yako yanapata mstari wa kukaa na yanabaki pale pale yakiwa yamenyooshwa, yani kosa limepewa hati ya kiwanja. Ukiweka gridi kubwa kuliko ulichopiga, nota mbili zinagongana sehemu moja. Kwa hesabu za 480: 1/8 ni kila tiki 240, 1/16 ni kila tiki 120, triplet ya 1/8 (nota tatu sawa ndani ya biti moja) ni kila tiki 160. Angalia 120 na 160 uone kwa nini ngoma yangu ilikufa. Nota iliyotakiwa iwe 160 mstari wa karibu yake kwenye 1/16 ni 120, tofauti tiki 40, kwenye tempo 120 hiyo ni zaidi ya milisekunde 40, hata asiyejua mziki anasikia. Na kama wimbo wako umechanganya, sehemu unapiga nne sehemu unapiga tatu, Yamaha PSR za kati na za juu zina machaguo yenye alama ya nyota yanayoshika gridi mbili kwa mpigo, mfano 1/16 pamoja na triplet ya 1/8. Kwa nyimbo zetu za kusini hilo ndo chaguo langu la kwanza, watu wanalipita hawajui ni la nini.

Cha pili ni nguvu ya kuvuta, Strength kwenye Yamaha, Korg wanaita Intensity, inaandikwa kwa asilimia. 100 nota inaenda mpaka kwenye mstari kabisa. 50 inaenda nusu ya njia. Nota iliyochelewa tiki 30 ukiivuta kwa 60 inabaki imechelewa tiki 12, sikio linasema iko sawa lakini mwili bado unahisi kuna mtu anapiga. Mimi ngoma na besi naweka kati ya 80 na 90, mkono wa kulia 50 mpaka 65, na sauti za kujaza zile za nyuzi (strings) ndefu ndefu kwa kawaida sizigusi kabisa. Ukiona 60 haijatosha rudia tena, zile tiki 12 zinakuwa kama 5, ni bora kusogea mara mbili kidogo kidogo kuliko kuruka mara moja. Na ukinikuta nimeweka 100 kwenye piano ya wimbo wa pambio nipige kofi, maana waimbaji wako hai wanavuta pumzi wanachelewesha neno, piano ikiwa chuma kitupu wao ndo wanasikika wamekosea wakati wako sawa.

Kidogo tu pembeni: huu ujanja wa kunyoosha taimingi ulishika kwenye mashine za ngoma za Roger Linn wa Marekani, LM-1 ya 1980, na yeye huyo huyo ndo aliweka swing, kwamba nota ya pili kati ya mbili inasogezwa mbele kwa asilimia, 50 ni sawa kwa sawa, 66 inakaribia triplet. Baadaye akaenda nayo kwenye Akai MPC60 ya 1988. Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani swing ni siri ya maprodyuza wa Dar, hapana, ni hesabu ya zaidi ya miaka 40. Baadhi ya vinanda vya arenja (hivi vyenye styles) kwenye kwantaizi hawaweki swing, kama chako hakina, laptopu ndo utaipata.

Sasa rudi kwenye lile neno, mstari ulio karibu. Tempo 120, gridi ya 1/16 ni milisekunde 125, nusu yake ni kama 62. Ukichelewa 40 unarudishwa nyumbani. Ukichelewa 70 mstari wa karibu sio wako tena ni wa jirani, kwa hiyo kwantaizi inakusukuma mbele zaidi na kosa la aibu kidogo linakuwa kosa la aibu kabisa. Ndo pale mtu anasema nimekwantaizi imeharibika zaidi. Haijaharibika, imefanya ulichoiambia.

Hapo inaingia njia ya tatu, nota moja moja. Kwenye kinanda unafungua orodha ya matukio, kila mstari una baa (fungu la biti, mara nyingi nne), biti, tiki, jina la nota na nguvu yake, unaitafuta ile iliyopotea unabadilisha namba. Ni kazi ya kupukuchua, na skrini ya kinanda ndogo inaonyesha mistari michache tu kwa wakati, macho yanauma. Wimbo wa dakika nne piano yake inaweza kuwa na nota elfu moja na zaidi, usijaribu zote kwa njia hii utazeeka. Ila kwa nota tano sita zilizokosea sana hakuna njia inayoishinda. Utaratibu wangu ni huu, kwanza narekebisha kwa mkono zile zilizopotea kabisa ziwe karibu na nyumba zao, afu ndo napiga kwantaizi ya asilimia kwa zote. Wengi wanafanya kinyume, wanakwantaizi kwanza afu wanaanza kuwinda makosa ambayo sasa yamekaa kwenye mstari vizuri huwezi kuyatambua kwa macho.

Kuna wanaosema rekodi upya tu. Kwa baa mbili tatu nawaunga mkono kabisa, ile ya kuingia katikati, unaweka aanzie baa ya 9 aishie ya 12 unapiga hapo tu, inaisha kabla hujafungua hata menyu. Na kuna ujanja ambao wapiga kwaya wengi hawautumii: punguza tempo. Wimbo wa 120 urekodi kwa 80, vidole vinatulia, afu rudisha tempo. Kwa kuwa ni amri na sio sauti, haishuki wala haipandi ki (key). Na makosa yenyewe yanapungua, uliyochelewa milisekunde 30 kwenye 80 inakuwa 20 kwenye 120. Kasoro yake mtu akipiga taratibu mguso unabadilika, anakandamiza nota ndefu, mziki ukirudi kasi unasikika mzito mzito kidogo. Kwa kipande kigumu cha solo inakubalika, kwa wimbo mzima hapana.

Kabla ya kwenda kwenye laptopu, mambo manne ambayo hata ukichagua njia sahihi yatakuangusha. Pedali: mara nyingi kwantaizi inasogeza nota tu, pedali inabaki ilipokuwa, kwa hiyo kodi mpya imevutwa iwahi na pedali ya zamani bado haijaachiwa, zinachanganyika uji. Ukisikia uji usilaumu nota, kasogeze pedali kwenye orodha. Nota ya kwanza kabisa: ukiipiga mapema kidogo kabla ya baa ya kwanza kuanza haiandikwi au inaandikwa vibaya, acha baa nzima tupu mwanzoni afu uikate baadaye. Kodi ya kupangusa, ile unaanzia chini kwenda juu kama gitaa, kwantaizi inazikusanya zote zinalia pa! kwa pamoja, hizo ziruke usizichague. La mwisho, kama trak nzima imechelewa kiasi kile kile kuanzia mwanzo mpaka mwisho hiyo sio taiming mbaya, hasa ukiwa unapigia sauti za laptopu, ni ucheleweshaji wa kompyuta, dawa yake ni kuisogeza trak yote nyuma kwa tiki kadhaa, hata kwantaizi huihitaji.

Na kama unapigia style ya kinanda usihangaike na ngoma, mdundo wa style umeshanyooka kiwandani. Kwenye Yamaha style inakaa chaneli 9 mpaka 16, we shughulika na chaneli za mikono yako tu. Nimemuona jamaa anakwantaizi chaneli zote kumi na sita, mapambo yote ya gitaa ya style yakafa.

Laptopu au kinanda chenyewe? Kwa kuona, laptopu inashinda bila mjadala. Nota unaziona kama vipande vya mbao vimelala kwenye mistari, iliyotoka nje unaiona kwa jicho unaishika unaiburuta. FL Studio Ctrl+Q inanyoosha haraka kwa gridi uliyoiweka, Alt+Q inafungua kidirisha chenye kipimo cha nguvu. Ableton Live ni Ctrl+U, Cubase ni Q tu. Na kuna kurudisha nyuma mara nyingi unavyotaka, vinanda vingi vinarudisha hatua moja, vingine hata hiyo hamna. Halafu la huku kwetu, umeme. Laptopu yenye betri nzima umeme ukienda unaendelea, kinanda kinazima hapo hapo, na sikwensa za baadhi ya vinanda zinaweka wimbo kwenye kumbukumbu inayofutika. Niliwahi kupoteza kazi ya jioni nzima namna hiyo kwenye kinanda cha kuazima, msimu wa korosho, watu wana hela wanataka nyimbo, na mimi nimekaa gizani nahesabu hasara. Sa hivi nikimaliza trak moja naseivu kwenye flashi ndo naendelea na nyingine.

Lakini laptopu ina usumbufu wake. Ukihamisha faili sauti zinabadilika, filimbi yako tamu ya kinanda inakuwa kitu cha ajabu, kwa sababu faili limebeba amri halijabeba sauti. Sauti 128 za mpangilio wa General MIDI wa 1991 ndo zinafanana majina kila sehemu, na ngoma chaneli 10, nje ya hapo kila kampuni na yake. Taimingi haiguswi, kwa hiyo rekebisha muda tu usihukumu sauti, afu rudisha kwenye kinanda. Unaporudisha toa faili la MIDI la aina 0 (trak zote zimekusanywa kuwa moja), vinanda vingine vya zamani havisomi aina 1. Na wakati mwingine kurudisha kunapoteza namba za sauti ulizochagua unaanza kupanga upya, kwa wimbo wa kesho asubuhi kanisani huo muda huna.

Kwa hiyo ukiniuliza. We mpiga kwaya una kinanda tu hakuna laptopu, rekodi mbichi, rudia baa zilizokosea, kwantaizi baadaye kwa 60, gridi ile ya mchanganyiko, na pedali uikague. Hata usinunue laptopu kwa ajili ya hilo. We wa sherehe unayetengeneza biti za haraka, ngoma na besi rekodi na kwantaizi ikiwa on kama mdundo ni wa nne kwa nne, ila ukigusa kitu cha ngoma za asili izime kabla hata hujakaa. We unayetaka kuuza nyimbo au kutengenezea waimbaji, piga kwenye kinanda, rekebisha kwenye laptopu, huko ndo utapata swing na macho ya kuona. Kwantaizi ya 100 kwa kila kitu simshauri mtu, labda unatengeneza mziki wa mashine na unataka usikike kama mashine, hilo ni chaguo halali kabisa na mi mwenyewe nalicheza nikiwa na hamu nalo.

Ukiwa umeshakwantaizi wimbo wako wa zamani na nakala mbichi huna, hamna dawa ya kweli. Programu zina kitufe cha kuyumbisha nota kwa bahati nasibu ziwe kama binadamu, nimekijaribu, inasikika kama mtu kalewa na sio kama mtu anapiga. Binadamu hayumbi kwa bahati nasibu, ana sehemu zake za kuwahi na sehemu zake za kuchelewa na anarudia zile zile kila mzunguko.

Jioni hii nina wimbo wa kwaya niumalize, baa ya 17 kuna besi imewahi tiki 25. Niliisogeza juzi ikakaa sawa kabisa kwenye mstari, mwalimu wa kwaya akasikiliza akasema mbona umeutoa ule mguu. Nimeirudisha.